Simu ya Baba Ilivyonifundisha Simu Yangu

Zile orodha za "siri 20 za simu yako" zimepita mikononi mwangu nyingi, na karibu zote huwa nimezisahau kabla simu haijarudi mfukoni. Si kwamba ni za uongo; nyingine ni za kweli kabisa. Tatizo lake ni kwamba zinakupa dawa ya ugonjwa usiokuuma. Unaambiwa kikokotoo kinaweza hiki na kamera inaweza kile, unajaribu mara moja, unasema "kumbe!", kisha unaendelea kuitumia simu vilevile ulivyoizoea.

Ninayoyajua leo nimeyapata kwa njia nyingine. Baba alianza kuishiwa nguvu ya macho, na masikio nayo hayakukawia kufuata. Kwa muda sisi wanawe ndio tuliokuwa tukimsomea jumbe zake, mpaka siku moja akakunja uso: "Hivi maneno ya rafiki zangu ni lazima yapite kwenu kwanza?" Alikuwa na haki. Mtu mzima ana mambo yake na watu wake. Nikaichukua simu yake nikakaa nayo jioni nzima, si kutafuta maajabu, bali kutafuta namna ya kumrudishia Baba faragha yake.

Karibu kila nilichokihitaji nilikikuta mahali pamoja, kwenye mipangilio, sehemu inayoitwa Ufikivu. Alama yake ni kijitu kilichonyoosha mikono. Wengi wanaipita wakijua ni ya walemavu, na kwa asili ndivyo ilivyo. Mwaka 2009 ndipo iPhone ilipopata VoiceOver, programu inayomsomea asiyeona kila anachokigusa kwenye kioo, na mwaka huohuo Android ikapata TalkBack yenye kazi hiyohiyo. Tangu hapo kila toleo jipya limeongeza kitu kwa ajili ya asiyeona, asiyesikia, ambaye mikono inamtetemeka, ambaye hawezi kubonyeza kwa nguvu. Sasa jiulize ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuwa na mkono mmoja tu ulio huru, au kuwa kwenye kelele asisikie kitu, au kusimama juani asione kioo. Wote tunaingia humo kwa zamu, wengine kwa dakika tano tu.

Na jambo hili halikuanza na simu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwitaliano aitwaye Pellegrino Turri alimtengenezea rafiki yake asiyeona mashine ya kupiga chapa ili aweze kuandika barua zake mwenyewe bila kumtegemea karani. Barua alizoandika rafiki huyo kwa mashine ile kuanzia mwaka 1808 zimehifadhiwa hadi leo. Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka Baba na jumbe zake. Shida ni ileile, ya mtu anayetaka mambo yake yabaki yake.

Tuanze na macho. Mtu akisema "maandishi ni madogo", wengi wetu tunakimbilia kuongeza ukubwa wa maandishi na tunadhani kazi imekwisha. Kumbe kuna vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza ni ukubwa wa maandishi, ambao unakuza herufi peke yake. Cha pili ni ukubwa wa vitu kwenye kioo, ambao unakuza kila kitu kwa pamoja: vitufe, picha ndogondogo za programu, nafasi baina ya mistari. Kwa Baba hiki cha pili ndicho kilichomfaa zaidi, kwa sababu kero yake haikuwa kusoma tu. Alikuwa akilenga kitufe kimoja anagusa cha jirani. Cha tatu ni ukuzaji wa muda. Ukiuwasha kwenye Android kwa njia ya mguso, unagusa kioo mara tatu harakaharaka, na pale ulipogusa panakuja juu panakuwa pakubwa. Unatembeza vidole viwili kuzunguka, kisha unagusa tena mara tatu, kila kitu kinarudi mahali pake. Kwenye iPhone hutumia vidole vitatu, ukigusa mara mbili. Huu unafaa kwa ile programu moja yenye kichwa kigumu, ambayo hata ukikuza maandishi ya simu nzima yenyewe inabaki na vijiherufi vyake.

Halafu kuna maandishi yaliyo nje ya simu. Karatasi inayokunjwakunjwa ndani ya boksi la dawa ni mfano mzuri: herufi ndogo, karatasi nyembamba hata maneno ya upande wa pili yanaonekana. Miwani ya Baba haikuiweza. Nikamfungulia kikuza, ambacho kwenye iPhone kipo tangu mwaka 2016, na kwenye simu nyingine kinapatikana kama programu ya kupakua. Watu husema "si ufungue tu kamera ukuze?" Ndiyo, inawezekana, lakini fanya hivyo kwa mkono unaotetemeka uone mistari inavyocheza. Kikuza kina kitufe cha kugandisha picha. Unailenga karatasi, unagandisha, unaiweka karatasi mezani, kisha unasoma ile picha iliyotulia ukiwa umekaa vizuri, ukiikuza na kuisogeza kwa kidole. Kina pia uwezo wa kubadili rangi. Baba alichagua herufi za njano juu ya weusi, akasoma mstari kwa mstari huku midomo ikitembea, akafika mahali akasimama: "Kumbe hii wanasema inywewe baada ya kula!" Nilimwacha aendelee.

Hapo ndipo nilipoanza kumwibia Baba, maana kila nilichomwekea nilikijaribu kwanza kwangu, na vingine sikuviondoa tena.

Cha kwanza kilichobaki ni kugonga mgongo wa simu. Kwenye iPhone, kuanzia toleo la mfumo wake la mwaka 2020, na kwenye baadhi ya simu za Android, unaweza kuiambia simu kwamba nikikugonga mara mbili kwa nyuma fanya jambo fulani. Hakuna kitufe pale. Simu ina kipima mwendo, kijidude kilekile kinachoijulisha kwamba umeigeuza ubavu ili picha nayo igeuke, na kijidude hicho kinauhisi mshtuko mdogo wa kidole. Kwa Baba niliweka kikuza hapo. Kwangu niliweka tochi, na nakwambia, usiku umeme unapokatika huna haja ya kutafuta kitu chochote kwenye kioo kwa kupapasa. Kama simu yako ina kasha nene, jaribu kwanza. Kwa kawaida inafanya kazi. Ubaya wake ni kwamba kuna vidole ambavyo haviwezi kutulia, vinagongagonga simu wakati mwenyewe anawaza. Kama wewe ni mmoja wao, chagua kugonga mara tatu badala ya mara mbili.

Cha pili ni kuandika. Baba anaandika jumbe ndefu zenye heshima zake zote, salamu mwanzoni na maombi mwishoni. Akigundua kosa katikati, alikuwa anafuta kila kitu kuanzia mwisho mpaka alifikie lile kosa, kisha anaanza upya. Kugusa katikati ya neno kwa kidole kinene ni bahati nasibu. Unalenga kati ya herufi mbili, kile kijistari kinachowakawaka kinaruka hadi mwisho wa neno. Nikamwambia, "Baba, weka kidole kwenye kitufe cha nafasi, kile kirefu cha chini. Usibonyeze ukaachia. Kishikilie, halafu telezesha kidole pole pole kwenda kushoto." Akatelezesha. Kijistari kikaanza kutembea nyuma herufi moja baada ya nyingine, kikafika pale penye kosa. Akakirudisha kulia, akakipeleka tena kushoto, kulia, kushoto, bila kusahihisha kitu chochote. "Miaka yote hii," akasema, "na kilikuwa hapa?" Kilikuwa hapo. Kwenye kibodi ya iPhone ukishikilia, herufi zinafifia na kibodi nzima inageuka uwanja wa kutelezesha. Kwenye kibodi ya Google huhitaji hata kusubiri, unatelezesha tu juu ya kitufe hicho. Sijaona kitu kidogo kama hiki kinachookoa muda kiasi hiki, na mpaka leo nikikaa karibu na mtu anayefuta sentensi nzima kwa ajili ya herufi moja, siwezi kujizuia.

Kuna na kuandika kwa sauti. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma hiyo mwaka 2017, pamoja na lugha nyingine kadhaa. Unagusa alama ya maikrofoni kwenye kibodi, unazungumza, maneno yanajiandika. Ushauri wangu ni mmoja: zungumza kwa mtiririko wako wa kawaida. Watu wakijua mashine inasikiliza huanza kutamka neno moja moja kama wanamfundisha mtoto kusoma, na hapo ndipo makosa yanapozidi, kwa sababu mashine hutumia maneno ya jirani kukisia neno lenyewe. Ukiyatenganisha, umeinyima msaada.

Na kama kuna maneno unayoyarudia kila siku, yape kifupi. Kwenye mipangilio ya kibodi kuna kamusi ya binafsi, au ubadilishaji wa maandishi kama simu nyingine zinavyouita. Unaandika kifupi upande mmoja na maneno kamili upande mwingine. Baba akiandika "mrb", kibodi inampa "Marahaba mwanangu, hamjambo wote hapo?" Wajukuu zake wanashangaa jinsi babu anavyojibu shikamoo upesi siku hizi, na tumekubaliana kutowaambia. Mimi mwenyewe nimeweka anwani yangu ya baruapepe na namba ndefu za akaunti ambazo hazina siri. Nywila usiweke humo kamwe. Kamusi hiyo haikutengenezwa kutunza siri.

Masikio yalikuwa na hadithi yake. Sikio la kushoto la Baba limezidiwa na la kulia. Akivaa visikilizi, kuna nyimbo alikuwa analalamika kwamba "wameondoa ngoma". Hakuna aliyeiondoa. Muziki mwingi hurekodiwa kwa pande mbili, chombo kimoja kikaegemea kushoto, kingine kulia, na kilichoegemea upande wa sikio bovu kilikuwa kinapotea. Kwenye Ufikivu kuna swichi ya kuziunganisha pande zote mbili ziwe sauti moja inayopita kila sikio, na chini yake kuna kipimo cha kuegemeza sauti upande unaoutaka. Kuiwasha ni kugusa mara moja tu. Hii nayo nimeiiba, kwa sababu nina mazoea ya kuvaa kisikilizi kimoja ili niwasikie wanaoniita.

Mazungumzo ya ana kwa ana yalihitaji kitu kingine. Google ina programu inayoitwa Live Transcribe, iliyotoka mwaka 2019 baada ya kutengenezwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet kilichopo Washington, ambacho ni cha viziwi na wenye usikivu hafifu. Unaiweka simu mezani, watu wanazungumza, maneno yanapanda kwenye kioo kwa herufi kubwa. Majina ya watu huwa mtihani kwa ufundi wa namna hii, na watu wawili wakizungumza kwa pamoja hupati kitu. Lakini kumfuatilia mtu mmoja anayekueleza jambo, kwa mfano daktari, inatosha sana. Baba ana namna yake: anaiweka mezani kwa ustaarabu, anasema, "Samahani, hii ni sikio langu la tatu." Naona wanaozungumza naye hupunguza kasi wenyewe wakishaona maneno yao yanaandikwa.

Simu pia inaweza kuwa mlinzi wa sauti. Tangu mwaka 2020, simu za pande zote mbili zimekuwa na kipengele kinachosikiliza sauti fulani, kama kengele ya mlango, king'ora cha moshi, mtoto anayelia au maji yanayomwagika, na kukupa taarifa kwa mtetemo au mwanga. Kifikirie kama msaidizi tu. Mambo ya usalama wa maisha usiyakabidhi kwa simu iliyozimika chaji chini ya mto. Mwanga wa kamera kuwaka simu inapoita upo humohumo kwenye Ufikivu, na ni wa zamani kwenye iPhone. Kwa Baba tuliuwasha siku ya kwanza, na usiku uleule tukauzima kwa amri yake. Sasa anatumia mtetemo, simu ikiwa mfukoni.

Linalofuata halina uhusiano na macho wala masikio, na ndilo ningependa ulifanye hata kama hutafanya jingine lolote: taarifa za dharura. Simu yako ina kioo cha kufunga, na kwenye kioo hicho, pale pa kuweka namba ya siri, kuna neno la dharura. Watu wanadhani ni la kupigia polisi tu. Lakini ukiwa umejaza taarifa zako mapema, yeyote atakayeiokota simu yako wakati umezimia anaweza kulifungua na kusoma kundi lako la damu, dawa zinazokudhuru, ugonjwa unaouishi, na namba ya ndugu wa kupigiwa, yote bila kuijua namba yako ya siri. iPhone ina kadi hii ya matibabu tangu mwaka 2014. Humo kuna swichi ya kuruhusu ionekane simu ikiwa imefungwa. Ikiwa imezimwa, umejaza kwa ajili yako mwenyewe. Nilipoijaza ya Baba nilimuuliza tumweke nani wa kupigiwa. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akamtaja dada yangu. Sikumuuliza kwa nini si mimi.

Jirani wa kipengele hicho ni ule wito wa dharura wa kubonyeza kitufe cha kuwashia mara 5 mfululizo, ulioingia rasmi kwenye Android 12. Ni kitu kizuri, lakini ujue kama umewashwa kwako na unampigia nani. Mwaka 2023 wakuu wa polisi wa Uingereza walilazimika kuwatahadharisha wananchi, kwa sababu namba ya 999 ilikuwa inafurika simu ambazo hakuna aliyezikusudia. Simu zilikuwa zinajipiga zenyewe mfukoni na kwenye mikoba. Walichowashauri ni kwamba ikitokea umepiga bila kukusudia, usikate. Sema tu hakuna tatizo, maana ukikata, wao wanalazimika kukutafuta.

Sasa kuhusu zile namba za ajabu. Baba yumo kwenye makundi ya wazee wenzake, na huko hupokea kila aina ya "siri". Siku moja ananipigia kwa wasiwasi: "Mwanangu, nimebonyeza nyota reli ishirini na moja reli, imeniletea maneno. Wanasema ukiona maneno ujue unasikilizwa." Nikamwomba anisomee. Ilikuwa inasema uelekezaji wa simu haujawashwa. Namba ile, *#21#, ni swali kwa mtandao wako wa simu: je, simu zinazonipigia zimeelekezwa kwenda namba nyingine? Ni hilo tu. Haioni programu za kijasusi, haijui nani anakusikiliza. Ukikuta kweli simu zako zinaelekezwa kwenye namba usiyoijua, hilo ni jambo la kushughulikia, na ##002# hufuta uelekezaji wote. Jua tu kwamba ikifuta inafuta hata ule unaozipeleka simu ulizokosa kwenye sanduku la sauti. Katika kundi hilo la namba, yenye faida kwa kila mtu ni *#06#, inayokuonyesha namba ya utambulisho wa kifaa chako yenye tarakimu 15. Iandike kwenye karatasi, si ndani ya simu hiyohiyo. Simu ikiibwa, hiyo ndiyo namba itakayoulizwa.

Yapo mengine nitayapita haraka, kwa sababu hayana mengi ya kusimulia. Android kuanzia toleo la 11 ina historia ya arifa, inayokutunzia arifa za saa 24 zilizopita hata ukizifuta kwa kidole kizembe. Lazima uiwashe kabla, haikumbuki ya nyuma. Wengine huitumia kusoma jumbe ambazo mwenzao amezifuta baada ya kutuma. Uwezo huo upo, lakini mtu akifuta neno lake, mimi huwa namwachia. Ukimpa mtoto simu aangalie katuni, ifunge kwenye programu hiyo moja: Android inaita kubandika programu, ipo tangu mwaka 2014, na iPhone ina ya kwake tangu mwaka 2012. Ukiipangia iombe namba ya siri, mtoto hatoki humo mpaka uiweke, na wala hatamtumia bosi wako picha ya kidole gumba.

Betri nayo: simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80. Betri za lithiamu huchoka upesi zaidi zikikaa zimejaa kabisa na zikiwa kwenye joto, kwa hiyo kama simu yako inalala kwenye chaja usiku kucha, mpangilio huo unaifaa. Kama siku zako ni ndefu na chaja iko mbali, uache. Betri ni ya kutumiwa. Na ramani: pakua eneo la safari yako ukiwa na mtandao mzuri, kisha huko uendako zima data kabisa. Kile kidoti cha bluu kitaendelea kukufuata, kwa sababu simu haitumi kitu kwenye setilaiti za GPS, inazisikiliza tu kutoka umbali wa kilomita 20,000 hivi juu na kupiga hesabu yenyewe. Data ilikuwa ya kuleta picha ya ramani, na picha unayo tayari.

Kazi ngumu kuliko kuvijua vitu hivi ni kumfundisha mwingine. Nimejiwekea sheria: mikono yangu haigusi simu ya ninayemfundisha. Ukiishika wewe, vidole vyako vinajifunza na vyake vinabaki vilevile. Pia ni kitu kimoja kwa kukaa kimoja, kile kinachomkera sasa hivi. Baba nilimwonyesha kitufe cha nafasi peke yake, tukaachana. Aliporudi na kero nyingine tukaendelea. Na sasisho likija na kuhamisha vitu, maana halikosi kuhamisha, simfundishi njia mpya ya kupita menyu sita. Namwonyesha kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya mipangilio. Anaandika "kuza" au "sauti" au "chaji", simu inampeleka yenyewe.

Kitu kimoja amekikataa katakata: kusomewa maandishi kwa sauti. Nilimwekea, akasikiliza ujumbe wa rafiki yake wa siku nyingi ukisomwa na mashine, akanirudishia simu. "Huyu siye anavyozungumza," akasema. Nikamweleza kwamba anaweza kubadili sauti, kuna ya kike na ya kiume, anaweza hata kupunguza kasi. "Nimekusikia. Iondoe." Nikaiondoa, naye akavaa miwani, akagonga mgongo wa simu mara mbili kikafunguka kikuza, akagundua kwamba kikuza ni cha karatasi na ujumbe umo ndani ya simu, akanitazama. Basi tukarudi kwenye ile miguso mitatu.